Ukiumwa, Upige Magoti Kwanza au Upande Basi?

MUUGUZI: Niseme mapema ili Mchungaji asinielewe vibaya: mimi nasali. Kabla sijavaa sare asubuhi nimeshasali. Lakini wodi yangu ni ya saratani, na ninayoyaona pale yananikera. Mgonjwa analetwa, chakula hakipiti, maji yanapita kwa taabu, mifupa ya mabega imetokeza. Unauliza hali hii ilianza lini. Anamtazama aliyemleta. Aliyemleta anajibu, "Kabla ya Pasaka." Na sasa ni Novemba. Mlikuwa wapi muda wote huo? "Tulikuwa kwenye maombi." Ukifungua mkoba unakuta chupa ya mafuta ya upako, kitambaa kilichoombewa, na chini kabisa barua ya rufaa kutoka zahanati, imekunjwa mara nne. Maombi yanakula muda, na ugonjwa ule hauna subira.

MCHUNGAJI: Sikatai kwamba mgonjwa huyo yupo, sista. Ila umewahi kuwauliza waliochelewa bila maombi? Yupo aliyekosa nauli. Yupo asiye na bima. Yupo aliyeuziwa dawa za vidonda vya tumbo miezi mitano na duka la mtaani, bila mtu kumwambia akapime. Wote hao wanafika wodini kwako wakiwa hali ileile, lakini kwa kuwa hawana chupa ya mafuta mkobani, huna pa kunyooshea kidole. Halafu tusisahau hospitali nyingi nchini zimejengwa na nani. KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza zilifunguliwa mwaka mmoja, 1971, na zote mbili zina kanisa nyuma yake. Wapiga magoti ndio waliohangaika kutafuta fedha za majengo yale.

MUUGUZI: Kanisa lililojenga Bugando nalijua na naliheshimu. Mimi nasema juu ya lile la viti vya plastiki na spika nne, linalomwambia mgonjwa kwamba akienda hospitali amemwaibisha Mungu.

MCHUNGAJI: Hilo nalipinga madhabahuni, si hapa tu. Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa aligeukia ukutani akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini nabii Isaya, yule yule aliyemletea habari njema, ndiye aliyeagiza tini zipondwe zibandikwe kwenye jipu lake. Ahadi ya Mungu alikuwa nayo mdomoni, na dawa bado akaiagiza. Anayekataza hospitali kwa jina la Biblia hajaisoma sura yote.

MJANE: Naomba niingie hapo, maana huyo mtu mnayemjadili mimi nilimzika. Mume wangu alianzia kwenye ugali. Akimeza tonge anakunja uso, anasukumia na maji. Nikaacha ugali nikahamia wali bokoboko, kisha uji mzito, kisha uji mwepesi wa kuchuja. Hospitali tulikwenda mwisho. Kwanza tulikwenda kanisani kwetu, na siwezi kusema uongo, tulipokelewa vizuri. Tulifunga, tukakesha. Tukaambiwa tupande mbegu. Tukauza pikipiki, ile ile aliyokuwa akiendeshea bodaboda, tukapanda. Alivyozidi kukonda, maneno nayo yakageuka. Wakaanza kuuliza ndani ya nyumba kuna nini. Kuna agano gani la ukoo halijavunjwa? Mimi nimewahi kupita kwa mganga? Siku moja kiongozi mmoja akanivuta pembeni, akaniambia, "Mama, imani yako ndogo ndiyo inayomfunga." Yaani mume anakufa, na anayemuua ni mimi. Pikipiki nimeisamehe. Neno lile bado ninalo.

Tangu siku hiyo siombi. Mungu simtukani, wala sisemi hayupo. Tumenyamaziana.

MCHUNGAJI: Pole sana, mama. Aliyekwambia vile alikukosea wewe, na alikikosea kitabu anachokishika mkononi. Ayubu alipopatwa, rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini, siku saba usiku na mchana, hakuna aliyesema neno. Hadi hapo walikuwa rafiki wa kweli. Waliharibu walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anateseka: lazima umetenda dhambi, jichunguze. Ukienda mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, si Ayubu aliyelalamika.

MJANE: Nakushukuru, lakini hebu nikuulize. Ayubu huyo si kila mchungaji anamjua? Yule aliyenivuta pembeni naye anamjua. Mnakemeana kwenye semina zenu, na huku mtaani kila mwenye kipaza sauti anajitangazia upako. Mimi nilipokuwa napanda mbegu, wewe uliyesoma kitabu chote ulikuwa wapi?

(Mchungaji hakujibu swali hili, wala mimi mwandishi sikumlazimisha. Nililiona ni swali la haki.)

MUUGUZI: Na haya hayaishii kwenye vikanisa vya uchochoroni. Mnaikumbuka 2011? Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Babu Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo. Alisema Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa mugariga. Kikombe shilingi 500. Nchi nzima ikahamia porini, foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita, na wakubwa wa serikali nao wakanywa tukawaona magazetini. Ndugu waliwatoa wagonjwa wodini wakawapakia kwenye magari. Wapo waliofia foleni. Wapo walioacha vidonge vya ARV kwa kuwa wameshakunywa kikombe, na mnajua mtu akiacha vile vidonge kinachofuata. Mwaka 2020, Februari, pale uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kuomba nafuu. Halafu Shakahola kule Kilifi, 2023, ikafukuliwa miili zaidi ya 400.

MCHUNGAJI: Shakahola usiniingizie humu. Wale hawakufunga ili wapone maradhi. Waliaminishwa kwamba wakifa kwa njaa watamwona Bwana. Ile ni kesi ya jinai, haihusiani na mama anayemwombea mtoto mwenye homa. Moshi nakubali, na inauma. Lakini Loliondo ina upande mwingine ambao ninyi wa hospitali hamtaki kuutazama. Kwa nini mtu mwenye kisukari cha miaka kumi avuke mbuga kwenda kunywa kikombe cha mzee? Kwa sababu pale alipokewa na mtu aliyemwangalia usoni, akampa kitu mkononi, akamwambia utapona. Kwenye kliniki anaingia, daktari anaandika bila kuinua kichwa, anatoka na karatasi ya dawa ambazo dirishani hazipo. Mfa maji haachi kutapatapa, na ninyi mnamshangaa kwa kutapatapa.

MUUGUZI: Daktari yule asiyeinua kichwa ana wagonjwa wengine sabini nje. Ila nimekuelewa.

USTADHI: Mmegeuza hii kuwa kesi ya Wakristo peke yao, na sisi tukijikausha tutakuwa wanafiki. Kwetu Pwani mgonjwa huandikiwa kombe. Unachukua sahani nyeupe safi, unaandika aya za Qurani kwa wino wa zafarani, ukikauka unaosha kwa maji ya waridi, na yale maji mgonjwa anayanywa. Wapo masheikh wanaolipinga jambo hili na wapo wanaolikubali. Mabishano hayo ni ya zamani na leo sitayamaliza. Mimi huandika. Lakini nina sharti: simwandikii mtu kabla hajanionyesha karatasi ya hospitali. Wengine huondoka wamenuna.

Na sharti hilo sikulibuni. Mtume aliwafundisha watu watumie dawa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakushusha maradhi bila kushusha na tiba yake. Sayyidna Omari alipokuwa njiani kuelekea Sham akapata habari kwamba kule kumeingia tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubaida akamkabili: unaikimbia kadari ya Mungu? Omari akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu anaingia kwenye kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Sasa anayesema kupanda basi kwenda hospitali ni kukosa tawakali, tawakali yake kaitoa wapi?

MUUGUZI: Na yule aliyenuna kwa kukosa kombe kwako anakwenda wapi, Ustadhi?

USTADHI: Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kule hawaulizi karatasi. Na kusema kweli, barazani kwake kuna viatu vingi kuliko kwangu.

MUUGUZI: Ndiyo maana sharti la mtu mmoja haliniponyeshei wagonjwa. Niwaulize sasa swali ambalo wote wawili mnalizunguka. Maombi yanaponya? Siulizi kama yanafariji. Wamarekani walilipima jambo hili, matokeo yakatoka 2006. Wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliombewa bila kuwa na uhakika kama linaombewa. La pili halikuombewa, nalo halikuwa na uhakika. La tatu liliombewa na likaambiwa hivyo waziwazi. Katika mafungu mawili ya kwanza, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 na asilimia 51, yaani hakuna tofauti. Wale waliojua kwamba wanaombewa walikuwa asilimia 59. Walifanya vibaya zaidi.

MCHUNGAJI: Na walioomba walipewa nini? Jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Hawajui ana watoto wangapi, hawajui analia nini usiku. Wakapewa na sentensi ya kutaja. Hiyo ni kuita mahudhurio, sista. Na hata wangekuwa wanamjua: Mungu si wa kuwekwa kwenye mizani ya maabara, huku kuna fungu la kuponywa na fungu la kulinganishia.

MUUGUZI: Sawa. Mizani hamuitaki. Basi mbona Jumapili mnaitumia? Mtu akipona anaitwa mbele, anapewa kipaza sauti, anashuhudia: niliombewa, nikapona. Hapo ni hesabu mmeshapiga, tena mmetangaza matokeo. Waliombewa watu kumi, akapona mmoja, mnamsikiliza mmoja. Wale tisa hawana ushuhuda kwa sababu wapo makaburini, na wake zao wamekaa benchi la nyuma wanapiga makofi.

MJANE: Nilipiga. Mume wangu akiwa ndani amelala, mimi nimesimama nampigia makofi mama aliyepona kifafa.

MCHUNGAJI: Hilo sina jibu lake zuri. Nilikuwa naliona tunapopanga ibada, wala sikuliona kuwa ni tatizo. Lakini niseme hili, na nalisema kama mtu anayeamini: fundisho kwamba asiyepona amepungukiwa imani haliwezi kusimama hata dakika tano mbele ya msalaba. Yesu pale Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwondokee, na hakikuondoka. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake, ukabaki. Kama ni upungufu wa imani, tuanze kuwashtaki hao wawili, tukimaliza ndipo tuje kwa mama huyu.

MJANE: Maneno hayo ningeyasikia wakati ule yangenisaidia. Sasa hivi yananiletea swali lingine. Kama yeye mwenyewe aliomba na hakupewa, sisi tunaombea nini? Nijibuni kwa lugha ya mtu aliyekaa na mgonjwa saa tisa usiku.

USTADHI: Nitajaribu, dada yangu, na ukiona nabwabwaja unikate. Ayubu wetu katika Qurani alipofikwa, dua yake ni fupi mno. Anasema madhara yamemgusa, na kwamba Mola wake ni mwenye kurehemu kuliko wote. Basi. Hakutaja majipu, hakutaja watoto, hakusema nipe hiki na kile. Majibu yalikuja: akaambiwa apige mguu wake ardhini, na hapo pana maji ya kuoga na ya kunywa. Lakini kinachonishika mimi ni pale kabla ya maji, kwamba mja anaweza kusimama mbele ya Mola wake akasema tu hali aliyonayo. Na Mtume mwenyewe alifiwa na mwanawe Ibrahim akiwa bado ananyonya. Machozi yalimtoka mbele za watu. Mmoja akastaajabu, hata wewe? Akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Mtoto hakurudi. Maombi ya mwenye dhiki si hati ya madai kwamba usipolipwa umedhulumiwa. Ni mahali pa kupeleka kitu ambacho huwezi kukibeba peke yako.

MJANE: Kwa hiyo ni kusema tu. Kusema tu naweza kumwambia jirani.

USTADHI: Na jirani ulimwambia?

MJANE: Sikumwambia. Alijua mwenyewe. Ni Mwislamu, tunachangia ukuta wa choo. Wa kanisani walipoanza kupungua, yeye akaanza kuja. Kila alasiri anakuja na chupa ya uji wa mchele, anamkalisha mume wangu, anamnywesha kwa kijiko kidogo cha chai, kijiko kimoja kwa dakika nzima. Akishamlaza anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, anasoma kitu kwa sauti ya chini. Kiarabu sijui hata herufi moja. Hakuniuliza kama anaruhusiwa, na mimi sikumkataza. Mume wangu alikuwa anapata usingizi. Sijui ni uji, sijui ni ile sauti.

MUUGUZI: Uwezekano mkubwa ni uji na kukalishwa. Mgonjwa wa koo akilazwa chali anapaliwa. Jirani yako alikuwa nesi kuliko manesi wengine ninaofanya nao kazi.

MCHUNGAJI: Na alikuwa anaomba.

MUUGUZI: Alikuwa anaomba, nimesikia. Huku mikono inafanya kazi.

USTADHI: Na wewe, dada? Zamu ya usiku mgonjwa akikushika mkono akasema, sista, niombee. Unamjibu nini?

MUUGUZI: Naomba. Ila nampa morfini kwanza. Ni ya maji, tunaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anainywa. Nasubiri maumivu yashuke, ndipo naomba naye. Kuna ndugu mmoja aliwahi kunizuia, akasema morfini inamlevya mgonjwa, hataweza kumkiri Bwana. Nikamwambia mtu aliyeshikwa na maumivu yale hawezi kumkiri yeyote, anaweza kupiga kelele tu.

MJANE: Mimi nilipiga kelele. Usiku wa mwisho nilitoka uani nikapiga kelele hadi mbwa wakaanza kubweka.

MCHUNGAJI: Mama, hata kelele ile ni sala. Zaburi zimejaa...

MJANE: Hapana, Mchungaji. Usinigeuzie kelele zangu kuwa sala. Zilikuwa kelele. Nimechoka na watu wanaokuja kunieleza kile nilichokuwa ninafanya. Kwanza niliambiwa sina imani. Sasa naambiwa nilikuwa nasali bila kujua. Niacheni nijue mwenyewe.

MCHUNGAJI: Umesema kweli. Naomba radhi.

USTADHI: Ukimya wako na Mola wako ni wenu wawili. Sisi hatuna ruhusa ya kuingia.

MJANE: Lakini msije mkadhani nimekuja hapa kuwakataza watu kuomba. Mwanangu wa kwanza anaomba kila jioni, simzuii, na nikimsikia natulia. Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Wewe Mchungaji una kipaza sauti. Jumapili simama useme mambo mawili. La kwanza, hapa haombewi mtu mwenye ugonjwa kabla hajakwenda kupimwa, kama afanyavyo Ustadhi. La pili, hakuna mtu yeyote katika kanisa hili, awe mzee wa kanisa au mwanakwaya, atakayemwambia mgonjwa wala anayemuuguza kwamba imani yake ni ndogo. Akisema, aitwe aombe radhi mbele ya watu wote. Ya mbegu na pikipiki tutayazungumza siku nyingine.

MCHUNGAJI: La pili nalisema Jumapili hii. La kwanza ni gumu. Sina daktari kanisani, na wapo watakaosikia kwamba nimewafukuza. Mtu akija analia, nimwambie rudi na karatasi?

MUUGUZI: Umwambie twende wote tukaitafute. Wazee wa kanisa lako wangapi wamestaafu na asubuhi hawana kazi? Mmoja awe wa kusindikiza wagonjwa.

USTADHI: Watakaokataa watahamia nyumba ya tatu, nakuonya mapema. Utapungukiwa.

MJANE: Apungukiwe.

MCHUNGAJI: Ni rahisi kusema, mama, huna jengo linalodaiwa benki.

MJANE: Sina jengo. Nina watoto watatu na ada.

MUUGUZI: Mimi namalizia na la kazini kwangu, kwa yeyote anayesoma maneno haya. Chakula kikianza kukwama kooni, ukiona uvimbe kwenye titi hata kama hauumi, mwanamke akitokwa damu ilhali hedhi ilishakoma, kidonda kikigoma kupona, nenda kituo cha afya wiki hii hii. Usingoje mkesha uishe. Ukipewa rufaa, usiiweke, itumie. Anayekuombea mwambie mwende pamoja, maana foleni yetu ni ndefu na mna muda wa kutosha wa kuomba mkiwa humo. Na mgonjwa akifika mapema kuna mengi tunayoweza kufanya. Akichelewa, mara nyingi kinachobaki ni kumpunguzia maumivu.